Ndagala ya Kalemie na ya Mpulungu: jamaa moja

Ku soko ya Kenya, mama mwenye kutafuta mboga ya bukari anauliza kwanza: "Hii ndagala ya wapi?" Wanamujibu: ya Kalemie, ya Moba, ao ya Zambia. Kila moja iko na bei yake na sifa yake. Lakini ndani ya maji mambo haiko vile.

Mwaka 2019, watafiti wa chuo kikuu cha Leuven, kule Ubelgiji, pamoja na wenzao wa Centre de Recherche en Hydrobiologie ya Uvira, walitoa matokeo ya kazi yao juu ya ndagala ndogo ya ziwa Tanganyika, ile wanasayansi wanaita Stolothrissa tanganicae. Walichukua samaki za kaskazini, za katikati na za kusini, wakalinganisha ADN yao mahali maelfu. ADN njo maandishi ambayo mutoto anapokea kwa wazazi wake. Kama kikundi kinazaana peke yake muda murefu, maandishi yake inaanza kuachana na ya wengine. Kwa ndagala, hawakuona mupaka. Ziwa iko na urefu wa kilometa karibu 670, lakini ile ndagala ni jamaa moja.

Mutu wa mine ataelewa mbio. Filon moja inaweza kupita chini ya concession mbili: kila kampuni iko na karatasi zake, lakini chini ni kitu kimoja. Na jiwe, heri, inakaa fasi yake. Ndagala inatembea, usiku inafuata taa ya muvuvi yeyote. Ziwa lenyewe ni la inchi ine: Congo iko na 45 kwa mia, Tanzania 41, Burundi 8, Zambia 6.

Njo maana inchi moja kufunga peke yake haitoshi. Mwaka 2024 Tanzania ilifunga uvuvi upande wake toka tarehe 15 mwezi wa tano mpaka 15 mwezi wa nane, ndagala ipate kuzaa. Huku kwetu, kufunga ni jambo la sufuria: wenye kuumia kwanza ni wale wananunua kwa kopo, wakingojea mushahara. Lakini wote wakivua bila kupumzika, hata hiyo kopo itapotea.

Tusipitishe kipimo, lakini. ADN kufanana haimaanishi kama kila mwezi samaki za Uvira zinakuja kujaza maji ya Moba. Samaki chache tu zikichanganyika kila kizazi, inatosha jamaa ibaki moja. Kwa hiyo fasi moja ikimalizwa na nyavu za matundu madogo, inaweza kukaa kavu muda, hata kama kule mbali ingali na samaki.

Ndugu yake mukubwa, Limnothrissa, iko na mambo yake. Mwaka 2020 watafiti wengine walionyesha kama kipande kikubwa cha ADN yake kimegeuzwa, na kadiri ya samaki wenye kipande hicho inabadilika toka kaskazini mpaka kusini. Kwake yeye, basi, kaskazini na kusini haziko sawasawa kabisa.

Na ile kapenta ya Kariba, ambayo wauzaji wanasema ni samaki ingine kabisa? Ni Limnothrissa. Babu zake walitolewa Tanganyika mwaka 1967 na 1968, wakatupwa mu lile ziwa la barrage.