Mstaafu Anapoingia Wodini

Mtumishi wa umma nchini Kenya hustaafu akitimiza miaka 60. Wengi wa Homa Bay na Migori hurudi nyumbani kulima na kufuga, na kanisani hawakosi cheo. Baadhi yao hujitolea kuwa makasisi wa hospitali, wa kuwafariji wagonjwa, na taabu yao ya kwanza huwa mdomo.

Mwalimu mstaafu ndiye hupata shida zaidi. Amezoea kuuliza swali na kulijibu mwenyewe. Akifika wodini husimama miguuni pa kitanda, hufungua Biblia, huhubiri, huomba kwa sauti ya kusikika hadi mapokezi, kisha huyoo, kitanda cha pili. Mgonjwa hajatamka lolote.

Kasisi aliyefunzwa huomba ruhusa kwanza, huvuta kiti na kukaa macho yake yakiwa sawa na ya mgonjwa, kisha hunyamaza. Mafunzo ya wodini ya aina hii yalianza Massachusetts, Marekani, mwaka 1925, chini ya mchungaji Anton Boisen, ambaye mwenyewe aliwahi kulazwa kwa maradhi ya akili. Hadi leo mwanafunzi huandika mazungumzo yake na mgonjwa neno kwa neno, bila jina, wenzake wakayachambua. Mzee wa miaka 62 kuulizwa na kijana, "Mbona ulimkatiza?" si jambo dogo.

Kanda hii haikuanza leo kuunganisha sala na tiba. Waadventista walifika Gendia, Homa Bay, mwaka 1906, na hospitali yao ya Kendu Bay ni ya 1925. Kule Karungu, Migori, hospitali ya Mtakatifu Kamili inaendeshwa na Wakamili, shirika lililoanzishwa Italia kuhudumia wagonjwa. Got Kwer, pia Migori, ni mahali patakatifu pa kanisa la Legio Maria. Kwa hiyo wodi moja ya hospitali ya kaunti inaweza kuwa na watu wa madhehebu haya yote, pamoja na Mwislamu, na kifungu cha 32 cha Katiba kinamlinda kila mmoja wao. Anayejitolea haendi kuvua waumini. Akiombwa imamu, amtafute imamu. Mkatoliki akitaka Mpako wa Wagonjwa, aitwe padre, kwani mlei hawezi kuutoa. Lakini mtoto mchanga akiwa katika hatari ya kufa, mama akaomba abatizwe, Kanisa Katoliki linamruhusu mtu yeyote mwenye nia inayotakiwa kumbatiza.

Umri nao una pande mbili. Jaduong, yaani mzee, akizungumzia kifo husikilizwa, na familia zinazogombania mahali pa kuzika hutulia kidogo. Binti wa miaka 19 aliyegunduliwa juzi kuwa na virusi vya Ukimwi, hata hivyo, hatamfungukia mwanamume anayelingana na baba mkwe wake. Huyo aachiwe kasisi mwanamke.

Homa Bay ilianza kutoa dawa za Ukimwi, ARV, bure mwaka 2001, kupitia Madaktari Wasio na Mipaka, na waliokuwa wakizika kila wiki wanajua zilichookoa. Kasisi anayemwambia mgonjwa ameponywa, aache dawa, aondolewe wodini siku hiyohiyo.

Anayetaka kuanza achukue barua kwa kiongozi wake wa dini, aipeleke kwa msimamizi wa hospitali, na aombe kufuatana na kasisi mzoefu kabla ya kwenda kitandani peke yake.