Mche wa Pilipili Mlangoni pa Jikoni

Wazee wa Pwani husema, "Pilipili usizozila zakuwashiani?" Methali hiyo tuliiandika sana katika insha zetu shuleni, tukapewa alama nzuri. Lakini pilipili zenyewe sikuzila hata moja mpaka nilipokuwa mtu mzima mwenye mke na watoto. Kwetu ni karibu na Kakamega, na katika nyumba ya mama yangu mboga ilitiwa chumvi na magadi kidogo, basi. Pilipili tuliihesabu kuwa chakula cha watu wa mbali.

Katika mwaka 2016 nilihamishwa kwenda Malindi kwa kazi ya ukarani. Nilipanga chumba kwa bibi mmoja Mgiriama, mjane, ambaye nyuma ya jiko lake alikuwa na miche mitatu tu ya pilipili, mmoja wao umepandwa katika karai kuukuu lililotoboka. Kila jioni alichuma mbili tatu, akazitia katika samaki au mchicha wa nazi. Siku ya kwanza nilipoonja nilikunywa bilauri nzima ya maji, na moto ukazidi. Bibi alicheka, akasema, "Mwanangu, maji hayauzimi moto huo. Kunywa maziwa." Nikapewa mtindi, na kwa kweli nikapata nafuu.

Baadaye nilisoma sababu yake. Kitu kinachowasha huitwa kapsaisini, nacho hakiyeyuki vizuri katika maji bali katika mafuta. Tena protini ya maziwa hukiondoa ulimini. Wengi hudhani ukali umo katika mbegu. Sivyo. Ukali hasa umo katika ule utando mweupe unaoshika mbegu, na mtu akiukwangua kwa kisu hupunguza ukali mwingi huku akibakiwa na harufu na utamu wa tunda. Wala ulimi hauungui kama tunavyodhani. Mtaalamu David Julius wa Marekani aligundua katika mwaka 1997 kwamba kapsaisini hugusa mahali pale pale katika mshipa wa fahamu panapotambua joto, na kwa kazi hiyo alishiriki tuzo ya Nobel ya mwaka 2021. Ndege hawausikii ukali huo hata kidogo. Hula matunda na kuzieneza mbegu, na ndiyo sababu mche wa pilipili huonekana umeota wenyewe chini ya mti wanapotua.

Neno juu ya majina, maana hapa watu hukosana sokoni. Pilipili manga ni ile nyeusi ya kusaga, iliyotoka Bara Hindi na kuletwa na majahazi; si jamaa ya pilipili ninazoeleza. Hizi nyingine asili yake ni Amerika, nazo zilienezwa Afrika na Bara Hindi na Wareno baada ya safari ya Columbus ya mwaka 1492. Pilipili hoho, ambayo zamani ilikuwa jina la pilipili kali nyekundu, siku hizi katika Kenya ni ile kubwa isiyowasha. Pilipili kichaa ni ile ndogo nyembamba, kali mno. Pilipili mbuzi ni ya duara yenye mikunjo, nayo hunukia vizuri kuliko zote. Lakini harufu hiyo isimdanganye mtu, kwa kuwa ni kali vile vile.

Sasa nifike katika jambo lililonifanya niandike. Katika mwaka 2019 baba yangu, ambaye alikuwa amepita miaka sabini, alionekana ana shinikizo la damu. Alipewa vidonge, akaambiwa apunguze chumvi. Shirika la Afya Duniani lashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani isifike kijiko kimoja cha chai. Mzee wangu alikuwa akitia kiasi hicho katika sahani moja. Mboga isiyo na chumvi aliiita chakula cha wafungwa. Mama akaificha chumvi, baba akaitafuta, na watu walioishi pamoja miaka arobaini na zaidi bila ugomvi wakawa hawasemezani wakati wa kula. Mzee akakonda.

Nilipokwenda likizo nilichukua pilipili zilizokauka na mbegu ndani ya kopo. Nilikata pilipili moja, nikautoa ule utando, nikaichanganya na kitunguu, dhania na maji ya ndimu, nikamwekea baba kando ya ugali na mboga. Mama alinitazama sana. "Mwanangu," akasema, "umekuja kumwua baba yako? Pilipili si ndiyo inayoleta vidonda vya tumbo?"

Sikumlaumu, maana hata mimi niliamini hivyo. Lakini Barry Marshall na Robin Warren wa Australia walionyesha katika miaka ya 1980 kwamba vidonda vingi vya tumbo huletwa na bakteria. Na vingine huletwa na dawa kama asprini zikitumiwa sana. Mwenye kidonda tayari, au mwenye kiungulia, pilipili yaweza kumtesa, na huyo aiache. Baba hakuwa na ugonjwa huo. Alionja kidogo, akakohoa, akafuta macho, akaonja tena. Siku ile alimaliza ugali wake, wala hakuuliza chumvi iko wapi. Nasema wazi: pilipili haikumponya, na vidonge hakuacha kuvimeza. Ilimpa ladha tu, na ladha ndiyo iliyokuwa imepotea.

Kupanda kulinishinda mara ya kwanza, na kosa lilikuwa langu. Niliiweka miche mahali palipotoka nyanya. Ilisimama vizuri wiki kadhaa, kisha ikanyauka mmoja mmoja ingali na majani mabichi. Bwana Shamba alikata shina, akalining'iniza katika bilauri ya maji safi. Baada ya dakika chache ukatoka uzi mweupe kama maziwa. Akaniambia huo ni mnyauko wa bakteria, hauna dawa, na hukaa katika udongo muda mrefu. Pilipili, nyanya, viazi na biringanya ni ukoo mmoja, basi zisifuatane katika shamba moja.

Mara ya pili nilitumia madebe yenye matundu chini, udongo kutoka upande mwingine na samadi iliyooza vizuri. Mbegu zilizikwa kiasi cha sentimita moja. Mahali pa joto huota kwa wiki moja au mbili. Kwetu, penye baridi ya usiku, zilichelewa hadi wiki ya tatu, na mama akasema zimekufa. Miche ikiwa na majani matano au sita huhamishwa jioni; katika shamba iachane nusu mita. Avutaye tumbaku anawe mikono kwa sabuni kabla ya kuigusa, kwa kuwa tumbaku yaweza kubeba ugonjwa wa majani. Miezi mitatu hivi baadaye tulianza kuchuma. Mche ukitunzwa huweza kuzaa zaidi ya mwaka mmoja, na kwa nyumba moja miche mitatu yatosha kabisa.

Hatari ilikuwa moja, nayo sitaisahau. Nilikuwa nikipasua pilipili za kukausha, kisha nikamwinua binti yangu mdogo bila kunawa. Alijifuta uso kwa mkono ulioshika vidole vyangu. Kilio chake kilisikika kwa jirani. Tulimwosha macho kwa maji safi mengi, tukamwagia polepole robo saa nzima, mpaka akatulia; na usiku ule sikulala. Tangu hapo nazipasua nimevaa mfuko wa plastiki mikononi, kisha najipaka mafuta ya kupikia na kunawa kwa sabuni. Tena usichome takataka zenye pilipili karibu na nyumba, maana moshi wake hukohoza watu wote.

Madebe ya mama sasa ni manne, mlangoni pa jikoni. Kuku hula matunda ya chini bila kujali, naye huwafukuza kwa ufagio. Baba huchuma zake mwenyewe na kuzihesabu. Mwezi uliopita mama alinipigia simu, akataka mbegu za pilipili mbuzi, kwa kuwa hizi za kichaa, alisema, hazina harufu. Bibi yule wa Malindi amekwisha zikausha, na barua yenye mbegu itaondoka Ijumaa.