Wakili wa bima anaulizia meseji zako za malipo. Je, tunampa?

Wateja wetu wa Garissa wenye magari hutuuliza swali hili mara nyingi baada ya ajali: kampuni ya bima imeleta wakili, naye anataka kuona malipo ya simu. "Nikikataa, nyinyi mtampa?"

Jibu fupi: hatumpi hivi hivi. Lakini ni vizuri ujue anatafuta nini kwenye meseji hizo, maana zinaweza kukuangusha au kukuokoa.

Chukua mfano wa dereva wa Probox anayebeba abiria kati ya Garissa na Dadaab. Stika yake ya bima iliisha Ijumaa. Jumamosi, magharibi, gari linapinduka na abiria wawili wanavunjika miguu. Usiku huo anampigia ajenti anayemfahamu: "Abti, nisaidie." Ajenti anamwambia atume pesa, tarehe ataipanga irudi nyuma. Pesa zinaenda, meseji inaingia: 8:14 PM.

Dereva anaona mambo yamekwisha. Mpelelezi wa bima ndiyo kwanza anaanza. Ataweka saa ya meseji kando ya saa iliyoandikwa kwenye OB ya polisi, kisha rejista ya hospitali iliyopokea majeruhi. Siku hizi vyeti vya bima ya magari hutolewa kwa mfumo wa kidijitali wa chama cha kampuni za bima, AKI, na mfumo huo una kumbukumbu zake. Halafu kuna kifungu cha 156 cha Sheria ya Bima: kampuni haibebi hatari kabla malipo hayajaifikia au kudhaminiwa. Ajali ya magharibi haiwezi kufunikwa na pesa za saa mbili usiku.

Ujanja wa pili umezoeleka hata watu hawauoni kama ujanja. Gari limekatiwa bima ya matumizi ya kibinafsi kwa sababu ni nafuu, lakini kila siku linabeba abiria wa kulipa. Ajali ikitokea, kila mtu ndani ni "jamaa wa familia". Sawa, lakini jamaa hao walilipa nauli kwa simu asubuhi hiyo hiyo, kila mmoja kiasi kile kile, kwa nambari ya dereva.

Hapo ndipo kampuni inapomhitaji wakili, kwa sababu kushuku peke yake hakutoshi. Sheria ya bima ya mtu wa tatu, Sura ya 405, inaibana kweli kweli. Majeruhi akishinda kesi dhidi ya mwenye gari, kifungu cha 10 kinaitaka kampuni ilipe hukumu hiyo hata kama ingekuwa na haki ya kuuvunja mkataba wake na mteja. Mlango wa kutokea ni mwembamba. Wakili lazima afungue kesi ya kuomba tamko la mahakama kwamba mkataba ulipatikana kwa kuficha jambo kubwa au kwa kusema uongo. Kesi hiyo ifunguliwe kabla ya ile ya majeruhi, au ndani ya miezi 3 tangu ile ianze, na majeruhi aliyeshtaki ajulishwe. Akichelewa, kampuni inaweza kujikuta inalipa huku ushahidi imeushika mkononi. Ndiyo maana mawakili hawa huja na haraka nyingi.

Tamko likitolewa, bima inajitoa na deni linabaki kwa mwenye gari: ploti yake, mifugo yake, hilo gari lenyewe. Asipokuwa na kitu, abiria aliyevunjika mguu anabaki na karatasi ya hukumu tu. Kwa maoni yetu huyo ndiye anayeumia zaidi, na wala hakudanganya mtu.

Kuna na upande wa jinai. Kupata pesa kwa udanganyifu, chini ya kifungu cha 313 cha Kanuni ya Adhabu, kunaweza kukupeleka jela hadi miaka 3. Mamlaka ya kusimamia bima, IRA, ina kitengo cha kuchunguza ulaghai ambacho wapelelezi wake ni maafisa wa polisi.

Sasa turudi kwetu. Miamala yako inalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019. Wakili akitupigia simu, au hata akija dukani na barua ya kampuni, hatumpi kitu. Akija na amri ya mahakama, tunatii, na tunatoa kile tu amri ilichotaja. Kufuta meseji kwenye simu hakufuti rekodi yetu. Na picha ya skrini, ambayo mtu anaweza kuichezea, haina uzito wa taarifa iliyotoka kwenye mfumo pamoja na cheti kinachotakiwa na Sheria ya Ushahidi.

Rekodi hiyo hiyo inamtetea aliye mkweli. Ulilipa Jumatatu, ajali ikawa Jumatano, kampuni inadai hukulipa? Omba taarifa yako ya miamala, ni haki yako.

Ila angalia ulimlipa nani. Ukituma kwa nambari ya kibinafsi ya ajenti, meseji itaonyesha jina lake, siyo la kampuni, na akitoweka una mzozo mkubwa. Lipa kwa paybill ya kampuni yenyewe, na kwenye akaunti uweke nambari ya usajili wa gari. Soma jina linalotokea kabla ya kuweka siri yako. Kisha ipigie kampuni, uhakikishe cheti chako kinatambulika, kabla hujavuka daraja la Tana kwenda Nairobi.

Kama umeshatuma kwa tapeli, tupigie papo hapo. Pesa zikiwa bado kwenye akaunti yake tunaweza kujaribu kuzizuia. Zikishatolewa, ni kazi ya polisi, nao wataanza kwa kukuomba ile meseji.