Fahamu: Kariakoo ijengwe upya kwa faida ya nani?

Novemba 16, 2024, jengo la ghorofa liliporomoka Kariakoo, Dar es Salaam, na kuua zaidi ya watu 20. Tangu hapo, hoja ya kuipanga upya Kariakoo haipingwi sana. Mzozo uko kwenye namna ya kufanya hivyo.

Mitaa ya Kariakoo ilichorwa kwa ajili ya nyumba za Kiswahili: vyumba sita, korido katikati, uani nyuma. Kwenye viwanja hivyohivyo vidogo yakapandishwa maghorofa, chini fremu, juu stoo za mizigo, huku mitaro ikibaki nyembamba na magari ya zimamoto yakihangaika kupita katikati ya maguta na meza za machinga.

Soko kuu linaonyesha kwamba usanifu mzuri peke yake hautoshi. Mbunifu wake, Beda Amuli, aliliezeka kwa miavuli ya zege inayokinga mvua. Likaungua Julai 2021, na wafanyabiashara wakahamishwa kupisha ukarabati.

Hapo kwenye kuhamishwa watu ndipo pa kuutazama mpango wowote. Mpangaji wa fremu huwa ametoa kilemba, yaani fedha ya kuachiwa fremu, kabla hata ya kodi. Jengo likibomolewa, fedha hiyo haina hati ya kuidai. Kwenye makazi ya Magomeni Kota, pia Dar es Salaam, kaya 644 zilibomolewa nyumba zikiahidiwa kurudi, na zikasubiri miaka kadhaa hadi maghorofa mapya yalipozinduliwa mwaka 2022. Kaya angalau zilikuwa na orodha. Machinga wa Mtaa wa Kongo, hapo Kariakoo, ataorodheshwa na nani, na kwa anwani ipi?