Hedhi inapouma kifuani au kwenye kovu: picha za hospitali zinaonesha nini?

Mama anayekohoa damu hapa kwetu Kagongwa hudhaniwa mara moja kuwa na kifua kikuu. Dhana hiyo ina msingi, maana vumbi la machimboni, kuanzia Kahama hadi Geita, hudhoofisha mapafu. Makohozi yapimwe kwanza, hilo halina mjadala. Lakini yakionekana salama, na damu ikirudi kila mwezi pamoja na hedhi, yafaa kuuliza swali jingine.

Upo ugonjwa uitwao endometriosisi. Chembe zinazofanana na utando wa ndani wa mfuko wa uzazi huota nje ya mfuko huo. Shirika la Afya Duniani hukadiria kuwa huwapata takriban asilimia 10 ya wanawake walio katika umri wa kuzaa. Kwa kawaida hukaa nyongani. Mara chache huonekana kitovuni, kwenye kovu la upasuaji wa uzazi, kwenye kiwambo kati ya kifua na tumbo, hata mapafuni. Popote zilipo, chembe hizo huvimba na kuvuja damu kwa majira ya hedhi.

Kila mahali pana picha yake. Uvimbe wa kwenye kovu hutazamwa kwa ultrasaundi, nao huonekana kama doa jeusi lenye kingo zisizo sawa. Kwa kuwa ngiri na uvimbe wa aina nyingine huweza kufanana nao, mara nyingi daktari huchukua kinyama kidogo kwa uchunguzi. Kifuani, eksirei huweza kuonesha hewa iliyovuja nje ya pafu, kwa kawaida upande wa kulia. Skani ya CT huonesha madoa madogo ambayo pengine hutokea siku za hedhi na kutoweka baadaye. Ndiyo maana tarehe ya kipimo ni muhimu kama kipimo chenyewe. MRI haitumii mionzi, nayo hutambua vema damu iliyoganda zamani. Kanda ya Ziwa, rufaa kubwa ni Bugando, Mwanza, hospitali ya Maaskofu wetu.

Picha safi haimaanishi kwamba mama anadanganya. Chembe ndogo huweza kuipita mashine, na wakati mwingine ni kamera ya upasuaji pekee izionayo. Tunalisema hili kwa waume na mawifi wanaomwita mgonjwa mvivu, au wanaomkimbiza kwa waganga. Yule mama wa Injili ya Marko aliteseka miaka 12 na kumaliza mali yake yote kwa matabibu; Bwana hakumwambia kwamba anajisingizia.

Wapo pia wanaoogopa vidonge vya homoni wanavyoandikiwa, wakidhani ni dhambi. Papa Paulo VI, katika waraka wa Humanae Vitae wa mwaka 1968, aya ya 15, anaruhusu tiba ya lazima kwa ugonjwa wa mwili, hata kama inazuia mimba, mradi kizuizi hicho si lengo. Basi mama aende na kalenda yake ya hedhi mkononi, amweleze daktari siku ambazo damu au maumivu hutokea.