Kuuliza Hali Kabla ya Kutenda: Kufundisha Ukaguzi wa Huduma za Kompyuta kwa Mstari wa Amri

Mwalimu aliyefunzwa vema haanzi somo la asubuhi kabla ya kuita majina. Huita ili ajue nani yupo, nani hayupo, na asiyekuwapo ana sababu gani. Kazi hiyo huchukua dakika chache, lakini mwalimu asiyeifanya hufundisha gizani. Katika makala haya twataka kuonyesha kwamba kompyuta nayo ina mahudhurio yake, kwamba mwalimu aweza kuyaita kwa kuandika mstari mmoja wa maneno, na kwamba stadi hii yafaa kufundishwa mapema kwa wanachuo ambao kesho watakabidhiwa chumba cha kompyuta katika shule ya msingi.

1. Kosa lililotufunza

Tuanze kwa kukiri kosa letu wenyewe. Katika chuo kimoja tulichowahi kufundisha palikuwa na seva moja, yaani kompyuta inayozitumikia kompyuta nyingine. Ndani yake mlikuwa na kurasa za masomo ambazo wanachuo walizisoma bila kuhitaji intaneti, na humo humo zilihifadhiwa alama za mazoezi ya kufundisha. Asubuhi moja, wanachuo wakiwa wamekwisha kuketi, kurasa zilikataa kufunguka. Tulifanya lile ambalo wengi hulifanya: tulichomoa waya wa umeme, tukangoja kidogo, tukauchomeka tena.

Kurasa hazikufunguka. Zaidi ya hayo, faili la alama lililokuwa likiandikwa wakati ule liliharibika. Ilitubidi kuingiza upya alama za majuma mawili kutoka kwenye karatasi. Na kwa kuwa karatasi za wanachuo wawili hazikuonekana, hao walilazimika kusimama tena mbele ya darasa ili wapimwe upya. Walikuwa na haki ya kutulaumu.

Baadaye ndipo tulipoiuliza mashine hali yake. Ilitujibu kwa mistari michache kwamba huduma ya kurasa imeshindwa kuanza, kwa sababu mlango wake ulikuwa umekwisha kutwaliwa na programu nyingine. Programu hiyo ilikuwa imewekwa jana yake, na seva ilipowashwa asubuhi, ilitangulia kuushika mlango. Jibu hilo lilikuwapo tangu mwanzo. Sisi ndio hatukuliuliza.

2. Huduma ni nini?

Huduma, kwa maana tunayoikusudia hapa, ni programu inayofanya kazi bila kuonekana. Haina dirisha wala kitufe kwenye kioo; hukaa ikingoja kuombwa. Katika seva zinazotumia mfumo wa Linux wa jamii ya Debian au Ubuntu, huduma iitwayo apache2 hutoa kurasa kwa wanaoziomba, cups hupokea kazi za kupiga chapa, cron hutimiza kazi zilizopangiwa saa zake, na ssh humruhusu msimamizi aingie katika mashine akiwa mbali nayo.

Huduma hizo zina mwangalizi wao mmoja, aitwaye systemd. Kazi ya kumtengeneza ilianzishwa mwaka 2010 na Lennart Poettering na Kay Sievers. Mfumo wa Fedora ulimpokea mwaka 2011. Debian na Ubuntu zikafuata mwaka 2015. Tunaweza kumfananisha na mwalimu mkuu: ndiye anayeziamsha huduma mashine inapowashwa, ndiye anayejua ipi inafanya kazi na ipi imeanguka, na ndiye anayetunza shajara ya matukio yao. Ukitaka kujua hali ya huduma, humwendei mwingine. Unamuuliza yeye.

3. Namna ya kuuliza

Maswali huandikwa katika mstari wa amri, yaani dirisha ambamo mtu huandika maneno badala ya kubofya picha. Kila amri humalizwa kwa kubonyeza Enter. Twashauri kuanza na shule nzima kabla ya kumwita mwanafunzi mmoja:

systemctl status

Katika mistari ya kwanza patatokea neno linaloeleza hali ya mfumo wote. Likiwa running, mambo ni shwari. Likiwa degraded, ipo angalau sehemu moja iliyoshindwa. Ili kuzijua zilizoshindwa tu, tunaandika:

systemctl --failed

Tukisha kujua jina, au tukiwa tunaishuku huduma fulani tangu awali, tunaitaja:

systemctl status apache2

Yafaa ieleweke kwamba amri hizi ni za kuuliza. Haziwashi wala hazizimi huduma yoyote. Hata mtumiaji wa kawaida aweza kuzitumia, ingawa huenda asionyeshwe mistari ya shajara mpaka apewe ruhusa ya msimamizi. Kwa hiyo mwanafunzi asiogope kuziandika mara nyingi apendavyo.

Jibu likiwa refu, mfumo husimama ukingoja msomaji asogee chini. Kutoka humo, bonyeza herufi q. Tumeona wanachuo wengi wakidhani mashine imekwama, kumbe inangoja herufi moja.

4. Namna ya kusoma jibu

Hapa ndipo penye kazi, kwa maana kuandika amri ni kwepesi kuliko kuelewa jibu. Yapo mambo manne ya kutazama.

Kwanza, mstari wa Loaded. Huo unaeleza kama maelezo ya huduma yamepatikana, na kama huduma imepangwa kuanza yenyewe mashine inapowashwa. Iliyopangwa hivyo huandikiwa enabled. Isiyopangwa huandikiwa disabled.

Pili, mstari wa Active. Huo ndio moyo wa jibu. Neno active likifuatwa na running lina maana kwamba huduma inafanya kazi sasa hivi. Likifuatwa na exited, huduma ilifanya kazi yake ikaimaliza, mfano wa mtu afunguaye lango asubuhi kisha akaenda zake. Hilo si kosa. Neno activating lina maana kwamba bado inaamka. Neno inactive lina maana kwamba imelala: haikuamshwa, au ilisimamishwa kwa utaratibu. Neno failed lina maana kwamba ilijaribu ikashindwa, au iliangushwa ikiwa kazini.

Tatu, wakati. Mstari huo huo hutaja hali hiyo imeanza lini. Ikiwa huduma iliyopaswa kuwa macho tangu jana imeanza dakika mbili zilizopita, basi kuna mtu au kitu kilichoigusa.

Nne, mistari ya mwisho. Hiyo ni dondoo ya shajara, na mara nyingi sababu yenyewe imo humo. Ikiwa haitoshi, tunaomba zaidi:

journalctl -u apache2 -n 30

Amri hiyo huleta mistari 30 ya mwisho inayohusu huduma hiyo peke yake. Katika kisa chetu shajara ilisema kwamba anwani yenye mlango namba 80 ilikuwa inatumika tayari. Mlango huo ndio wa kawaida wa kurasa zisizofichwa kwa siri. Huduma mbili haziwezi kuushika mlango mmoja kwa pamoja, kama vile walimu wawili hawawezi kufundisha vipindi viwili katika chumba kimoja saa ile ile. Ili kumjua aliyeushika, msimamizi huandika:

sudo ss -ltnp

Hapa pana sababu nyingine ya kutokimbilia kuzima mashine. Katika baadhi ya mashine shajara huhifadhiwa katika kumbukumbu ya muda tu. Mahali ambapo saraka ya /var/log/journal haipo, shajara ya systemd hufutika mashine inapozimwa. Anayezima kwa pupa huenda akawa anachoma karatasi ya maelezo kabla ya kuisoma.

5. Hatua za kufundishia

Baada ya majaribio kadhaa, tumeona mpango ufuatao kuwa wafaa kwa vipindi viwili vya wanachuo. Hatua ya kwanza yaweza kutumika hata kwa wanafunzi wa madarasa ya juu ya shule ya msingi.

Hatua ya kwanza: mchezo wa mahudhurio. Chagua wanafunzi sita wawe huduma, na mmoja awe mwangalizi. Kila huduma ipewe kadi yenye hali yake: anafanya kazi, amelala, au ameshindwa. Kadi ya aliyeshindwa iandikwe na sababu. Darasa limuulize mwangalizi, naye asome kadi bila kumgusa mwenye kadi. Kwa njia hii wanafunzi huelewa kwamba kuuliza ni tendo tofauti na kurekebisha.

Hatua ya pili: kukisia. Kabla ya kubonyeza Enter, kila mwanachuo aandike daftarini anatarajia kuona nini. Asiyekisia hupokea jibu lolote kama lilivyo; aliyekisia akakosea hushtuka, na mshtuko huo ndio mwanzo wa kujifunza.

Hatua ya tatu: kusoma kwa sauti. Mwanachuo mmoja asome jibu, mwingine ajaze jedwali lenye safu nne: jina la huduma, hali, tangu lini, sababu. Safu ya nne isiachwe wazi bila kutazama shajara.

Hatua ya nne: kulinganisha kulala na kushindwa. Katika mashine ya mazoezi, wala si ile yenye alama za watu, mkufunzi aisimamishe huduma kwa amri ya sudo systemctl stop apache2. Wanachuo wauone mstari wa inactive. Kisha, akiwa amekwisha kuweka nakala ya faili la mipangilio, aingize neno lisilo na maana katika faili hilo na kujaribu kuiwasha huduma. Sasa wataona failed, na shajara itawatajia hata namba ya mstari wenye kosa. Tofauti hiyo ikionekana kwa macho haisahauliki.

Hatua ya tano: kurekebisha. Faili la asili lirudishwe, huduma iwashwe, na hali iulizwe tena. Matengenezo ambayo hayakufuatwa na swali hayajakamilika.

6. Makosa ya kawaida

Kosa la kwanza ni kuchanganya enabled na active. Tumeona wanachuo wakisoma enabled na kutangaza kwamba huduma inafanya kazi. Dawa yake ni kuwakumbusha daftari mbili za mwalimu. Kuandikishwa shuleni ni jambo moja, kuhudhuria leo ni jambo jingine. Mtoto aweza kuwa ameandikishwa asihudhurie. Na aweza kuwamo darasani leo bila kuandikishwa, kesho asionekane. Maswali hayo mawili yana amri zake fupi:

systemctl is-enabled apache2
systemctl is-active apache2

Kosa la pili ni kuridhika na neno active. Mwanafunzi aweza kuwa ameketi, macho wazi, lakini hasikii somo. Huduma nayo yaweza kuwa macho huku ikitoa kurasa zisizo sahihi. Kwa hiyo, baada ya kuuliza hali, ombeni huduma kazi yake: fungueni ukurasa, au andikeni curl -I http://localhost na kutazama kama jibu linakuja.

Kosa la tatu ni kudhani kwamba stadi hii ni ya Linux peke yake. Shule nyingi zina kompyuta za Windows, nazo zina huduma vilevile. Mitihani inapokataa kupigwa chapa, mwalimu aweza kuandika sc query spooler na kusoma kama huduma ya kupiga chapa inafanya kazi au imesimama. Amri ni nyingine, mwenendo ni ule ule.

7. Hitimisho

Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Twaamini kwamba somo hili lina faida nje ya chumba cha kompyuta. Mtoto asipojibu swali darasani, huenda amelala, yaani hakuwahi kuamshwa kwa kufundishwa. Au huenda alijaribu akashindwa, na sababu yake imo daftarini mwake. Kwa nje watoto hao wawili hufanana, lakini hawahitaji msaada mmoja. Mwalimu anayewakemea wote sawasawa hana tofauti na sisi tuliochomoa waya. Mwanachuo akizoea kuuliza hali kabla ya kutenda, atakuwa amepata tabia itakayomfaa mbele ya mashine, na itakayomfaa zaidi mbele ya mtoto.

Maswali ya kujadili

1. Eleza kwa mfano wa shuleni tofauti iliyopo kati ya inactive na failed.
2. Huduma imeandikiwa disabled na active. Ni jambo gani litakalotokea mashine ikizimwa na kuwashwa tena?
3. Kurasa za masomo hazifunguki, na darasa linakungoja. Orodhesha amri tatu za kwanza utakazoandika, na utoe sababu ya kufuata mpangilio huo.
4. Tayarisha kadi sita za mchezo wa mahudhurio zinazolifaa darasa lako la mazoezi.