Zamu ya Pasaka 1942: Colombo, Kilindini na Askari wa Keya

Katika omweso kila kete iko machoni pa wachezaji wote wawili, na anayeshinda ni yule aliyehesabu vizuri zaidi. Michezo ya vita vya manowari za kubeba ndege imejengwa kinyume cha hapo. Tangu kampuni ya Avalon Hill ya Marekani ilipotoa mchezo wa Midway mwaka 1964, wabunifu humpa kila mchezaji ubao wake wa bahari, aufiche mwenzake asiuone, kisha ataje eneo analolipekua kabla ya kujua kama kuna meli hata moja. Sehemu kubwa ya zamu huishia hapo, katika kutafuta. Mabomu huja baadaye, na mara nyingi yanapokuja mambo yamekwisha kuamuliwa.

Mtu wa Arua au Koboko, aliye mbali na bahari kwa zaidi ya kilomita 1,000, ana haki ya kuuliza hayo yanamhusu nini. Yanamhusu sana. Aprili 1942 Brigedi ya 21 ya Afrika Mashariki, yenye batalioni ya Uganda ndani yake, ilikuwa imewekwa kulinda kisiwa cha Ceylon, ambacho leo ni Sri Lanka. Hao ni askari wa Keya, yaani King's African Rifles, na West Nile, eneo la Arua na Koboko, ilikuwa moja ya sehemu ambazo Keya ilitafutia vijana wake. Vita tunavyovisoma kama vya Hawaii na visiwa vya Pasifiki vilikuwa vimeingia Bahari ya Hindi, na manowari zilezile zilizoipiga Pearl Harbor ndizo zilizokuwa zikielekea Colombo.

Tuiweke zamu ya Aprili hiyo mezani. Mjapani, chini ya Admirali Nagumo, ana manowari tano za ndege: Akagi, Soryu, Hiryu, Shokaku na Zuikaku. Mwingereza, Admirali Somerville, ana mbili kubwa, Indomitable na Formidable, na ndogo ya zamani, Hermes. Ana pia manowari nne kuukuu zenye mwendo wa pole, ambazo hata maji ya kunywa hayazitoshi kwa safari ndefu. Alimngoja Nagumo baharini siku kadhaa, akamkosa, akalazimika kurudi kwenye maficho yake ya Addu, katika visiwa vya Maldivi, kuchukua maji na mafuta. Tarehe 4 Aprili ndege ya doria iliyorushwa na Mkanada, Leonard Birchall, ikauona msafara wa Kijapani. Aliwahi kutuma habari kwa redio kabla hajaangushwa. Mchezaji wa Uingereza sasa anajua adui aliko, lakini amesimama mbali.

Asubuhi ya Pasaka, tarehe 5, ndege 127 zikaishambulia Colombo. Bandari ilikuwa imeondolewa meli nyingi, shukrani kwa Birchall. Hapa ndipo mchezaji anatakiwa kuangalia sitaha, na ndiyo sababu naupenda mchezo wa Flat Top wa mwaka 1977, kwa kuwa unamlazimisha kufuatilia kila kundi la ndege: liko tayari, linawekewa silaha, au liko angani. Nagumo alikuwa ameacha ndege za akiba zenye topido, silaha ya kuulia meli. Rubani kiongozi alipoomba Colombo ipigwe tena, ikatolewa amri topido zishushwe na mabomu ya nchi kavu yapakiwe. Kazi hiyo ikiwa haijaisha, ndege ya upelelezi ikaripoti meli za Kiingereza baharini. Amri ikageuzwa. Mafundi waliokuwa wakisukuma mabomu wakaanza kuyaondoa. Mwishowe zilipaa ndege za kuangusha mabomu peke yake, zikazizamisha kruza Dorsetshire na Cornwall, na watu 424 wakafa. Miezi miwili baadaye, Midway, mkanganyiko wa aina hiyohiyo ulimkuta Nagumo adui akiwa juu ya kichwa chake. Akagi, Soryu na Hiryu zikaenda chini, pamoja na manowari nyingine ya ndege, Kaga.

Somerville naye? Ndege zake za topido, Albacore, zilikuwa na mabawa mawili mawili na mwendo mdogo. Mchana zingechinjwa na ndege za kivita za Kijapani, Zero. Lakini zilikuwa na rada. Kwa hiyo mpango wake ulikuwa kukaa nje ya mkono wa Mjapani mchana na kumsogelea usiku. Jioni ya tarehe 5 wapelelezi wake walimwona adui, taarifa za mwelekeo zikagongana, na upekuzi wa usiku haukupata kitu. Tarehe 9 Nagumo aliipiga Trincomalee na kuizamisha Hermes, ambayo siku hiyo haikuwa na ndege hata moja sitahani. Zile manowari za pole zilikuwa tayari zimeamriwa kwenda Kilindini, Mombasa, na Kilindini ikawa makao ya meli za Uingereza katika bahari hii.

Wengi huiita hatua hiyo ya kurudi nyuma aibu. Mimi naiona kuwa ndiyo zamu bora kuliko zote alizocheza. Angepigana mchana angepoteza Indomitable na Formidable, na njia ya kutoka Mombasa ingebaki bila mlinzi. Ni kwa njia hiyo vikosi vingine vya Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki vilivuka hadi Ceylon mwaka 1943, kisha Burma, ambako askari wa Keya waliteremka bonde la Kabaw na kufika mto Chindwin mwishoni mwa 1944. Koboko imezoea kusikia kwamba Idi Amin alikuwa miongoni mwao. Aliingia Keya mwaka 1946, vita vikiwa vimekwisha. Sifa ya Burma ni ya wazee wengine, na wapewe wao.

Kasoro ya michezo hii ni kwamba meli ya askari huhesabiwa kama pointi tu. Tarehe 12 Februari 1944 meli ya Khedive Ismail, iliyotoka Kilindini kwenda Colombo, ilipigwa topido na nyambizi ya Kijapani I-27 karibu na Maldivi. Ilizama kwa dakika chache. Walikufa karibu watu 1,300, wengi wao wapiga mizinga wa Afrika Mashariki wa Rejimenti ya 301. Atakayebuni mchezo wa bahari hii aiweke meli hiyo ubaoni kwa jina lake, na kikosi chake kwa namba yake.